Vitunguu vya Kaburi la Bibi

Nilimuua bibi yangu mwezi wa sita, Jumapili, saa tisa alasiri, kwa kalamu ya wino wa bluu. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu akimenya viazi, mzima kama jiwe la kusagia. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikamjibu, "Nimeandika, bibi."

Nieleze kwa utaratibu, maana jirani yetu anaisimulia habari hii kila akienda kisimani, na kila anapoisimulia mimi nazidi kuwa mbaya. Kinachoniuma ni kwamba hajakosea sana.

Kijiji chetu kiko juu, upande wa Ibaba, huku ambako mtu akitoka Tunduma na fulana yake ya mikono mifupi, kabla ya salamu anauliza kama kuna koti. Ukisimama nyuma ya jiko letu siku ambayo ukungu umeamka mapema, unauona Mto Songwe kule chini mwembamba kama uzi ulioanguka, na ng'ambo yake ni Malawi, milima juu ya milima. Tunalima viazi, mahindi yasiyo na haraka, na pareto kwa wenye uvumilivu wa kuchuma maua. Nyumba kadhaa zina kufuli mwaka mzima kwa sababu wenyewe wamehamia Tunduma kufanya biashara, wanarudi Krismasi wakiongea Kibemba cha sokoni ili tujue wametembea. Wafu wetu hawahami. Tunawazika shambani, karibu na nyumba. Babu yuko hatua ishirini kutoka jikoni, chini ya mparachichi, na bibi akipika maharage huwa anapaza sauti kumwambia leo ni zamu ya maharage tena, avumilie.

Kuna kijiji cha pili ninachokijua, nacho kiko Uingereza. Sijawahi kukanyaga hata Dodoma, lakini kile kijiji unaweza kuniamsha usingizini nikakutajia njia zake. Kina kanisa la mawe lenye mnara mfupi na kengele moja. Kina bwawa la bata ambao hawaliwi. Bata wananona, watu wanawatazama tu na kuwarushia mkate, na bibi hajawahi kulikubali jambo hilo. Mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na juu ya kilima kuna kondoo wanaolala nje kwenye mvua. Basi linapita Jumanne na Ijumaa. Watu wakikutana njiani hawaulizani habari za nyumbani, wanaambiana habari za mvua, kisha kila mtu anaendelea na safari. Vijana wameondoka. Nyumba za vijana zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja siku mbili kwa wiki kuwasha moto na kuondoka. Bibi aliposikia hilo alisema, "Kumbe na wao wana Tunduma yao."

Yote hayo tuliyajua kwa barua. Mwandishi wake ni mama wa Kiingereza aliyefika kwenye zahanati ya misheni akiwa nesi kijana, wakati bibi akiwa msichana wa kupikia wagonjwa uji. Walilala chumba kimoja misimu miwili ya mvua. Bibi alimfundisha kupanda viazi kwenye matuta, yeye akamfundisha bibi kufuma sweta. Kisha nesi akarudi kwao, akaolewa, akazeeka, akafiwa na mume. Bibi vilevile. Simu hawaitaki. Yule masikio yamepungua, na bibi anasema simu inakula maneno na haitemi.

Babu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye alikuwa akisoma barua zikija na kuandika zinapokwenda. Mwisho wa kila barua bibi alikuwa akisugua dole gumba lake kwenye kitako cha sufuria, penye masizi, halafu analigandamiza chini ya ukurasa. "Ili ajue ni mimi," alikuwa akisema, "siyo huyu mwalimu anajisemea mwenyewe." Babu alipofariki na ukoo ukakaa kugawa vitu vyake, baba mkubwa alichukua baiskeli, shangazi akachukua redio, na mimi nikapewa barua, kwa sababu nilikuwa nimefaulu Kiingereza. Watu walipiga makofi. Mimi niliitaka redio.

Sasa kuna jambo la utani, ambalo bila hilo hutanielewa. Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Bibi alikuwa ananiita mke mwenzangu, na babu alikuwa mume wetu, tunamgombania. Watani wa namna hiyo wanazikana kila siku. Akikohoa namwambia, "Bibi, kohoa vizuri, usife kabla hujanionyesha ulipoficha vile vitenge vipya." Naye ananijibu, "Nitakufa nimevivaa vyote, uje uzike nguo." Akichelewa kuamka nilikuwa nasimama mlangoni naanza kulia kilio cha msiba, na nakijua vizuri, mpaka anatupa kiatu. Jirani yetu, mama mnene anayependa kukaa jikoni kwetu kuliko kwake, alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Kumuua bibi kwa mdomo kulikuwa kama kusema shikamoo.

Ile Jumapili tulikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya shule ya kata ya pili, saa kumi kamili, na mimi ndiye mfungaji. Saa nane bibi akasema, "Kaa, tumwandikie mwenzangu." Nikakaa. Saa tisa bado tulikuwa kwa ng'ombe.

"Mwambie ndama amezaliwa, ana doa jeupe usoni."

"Hilo la ndama tulishamwambia, bibi."

"Yule alikuwa mama yake. Andika."

"Nimeandika."

"Mwambie baridi imechoma viazi vya bondeni, lakini vya mlimani vimepona. Mwambie ule mti aliokuwa anaanikia soksi zake umeanguka. Mwambie polepole, ataumia."

"Mti tu, bibi?"

"Wewe andika. Mti gani utaujua wewe?"

Ukweli ni kwamba kwa miezi mingi nilikuwa sifuati maneno yake. Yeye akisema sentensi kumi, mimi naandika ng'ombe mzima, viazi vizima, sisi wazima. Siku hiyo nilichoka zaidi. Nje wenzangu walikuwa wanapiga miluzi. Na wiki ileile mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha barua ya kumjulisha mtu msiba, mimi nikapata alama za juu darasa zima, nikasomewa mbele. Maneno yalikuwa bado yamo kichwani, matamu, yamepangika. Basi bibi akiwa anaendelea na mti wa soksi, mkono wangu ukaandika kwamba kwa masikitiko makubwa ninakujulisha kuwa rafiki yako mpendwa amefariki dunia kwa amani, akiwa amezungukwa na familia yake, na kwamba hakuna tena haja ya kuandika.

Nilicheka kwa pua. Bibi naye akacheka, akadhani tunacheka habari za mti.

"Sogeza nitie dole," akasema, mkono tayari uko kwenye sufuria.

Hapo ningeweza kuichana. Badala yake nikasema, "Bibi, siku hizi posta hawapokei karatasi chafu."

Alilitazama dole lake lililokwisha kuwa jeusi. Akalifuta kwenye kitenge.

Mechi tulifungwa kumi na nane kwa sita. Mimi nilifunga mbili.

Nilikuwa na nia ya kuiandika upya, naapa. Kwanza nilitaka kumwonyesha rafiki yangu. Nikamwonyesha, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Wewe ni shetani, lakini Kiingereza chako kimenyooka." Kesho yake asubuhi nikiwa najiandaa kwenda shule, mchungaji alipita akielekea Itumba, ambako ndiko kuna sanduku la barua la kanisa. Bibi mwenyewe akaichukua bahasha mezani, ilikuwa imeshaandikwa anuani, akaibandika kwa ugali uliobaki, akampa. Niliona kila kitu kutoka mlangoni, mswaki mdomoni. Pikipiki ya mchungaji haina mbio, inapanda kilima chetu kwa kukohoa, hata mbuzi anaipita. Ningeikamata. Nilijiuliza, nitasema nini nikiikamata mbele ya mtumishi wa Mungu? Nikasukutua, nikaenda shule.

Mwezi wa saba ukaisha. Wa nane, wa tisa. Barua haikuja.

Mwanzoni bibi alikasirika. "Mwenzangu kaninyamazia. Au ulimwandikia nini?"

"Ulichosema, bibi. Ndama, viazi, mti."

"Labda mti umemuumiza."

Halafu hasira ikaisha, akaanza woga. Alikuwa ananituma kwa mchungaji kila Jumapili kuuliza, na nikirudi ananitazama mikono kabla ya uso. Siku moja ya mwezi wa kumi tukiwa tunalima tukisubiri mvua, alisimamisha jembe, akatazama bonde lote hadi Malawi, akasema, "Amekufa. Asingeweza kukaa hivi. Amekufa na hakuna wa kuniambia."

"Posta zinachelewa tu, bibi."

"Kule kwao nani anajua kama mimi nipo? Watamzika, hakuna atakayesema kuna mtu mlimani huku wamwambie."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa maombi akaomba rafiki yake aombewe, kama yuko kitandani anyanyuke, kama ameondoka apokelewe. Waumini wote walifumba macho. Mimi niliyafumbua, nikaona dole gumba lake linasugua kidole cha shahada, kama linatafuta masizi. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Lakini kusema sikusema. Mtu mchekeshaji ana shida moja kubwa. Akitaka kusema jambo la kweli, mdomo hauna njia yake.

Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeshanyesha pale mchungaji alipofika na kifurushi. Ilikuwa mchana baada ya ibada. Kilikuwa boksi la ukubwa wa kiatu, limefungwa gundi kila upande, stempu zenye kichwa cha mzungu. Bibi alitoka jikoni mbio. Sijawahi kumwona bibi akikimbia.

"Ni mwandiko wake?"

"Ni wake," nikasema.

"Yupo! Yupo mzima!" Alimshika mchungaji mikono yote miwili akaitikisa. Mchungaji akacheka, akasema ana ubatizo kijiji cha chini, akawasha pikipiki akaondoka, na mimi nikatamani nimpande mgongoni. Jirani akafika kabla vumbi halijatua.

Ndani kulikuwa na barua ya kurasa mbili na mfuko wa karatasi. Bibi akakung'uta mfuko kwenye ungo. Vikatoka vitu nane vya mviringo, vina maganda ya kahawia, shingo nyembamba.

"Vitunguu!" jirani akasema.

"Vitunguu vya Ulaya," bibi akasema kwa heshima. Akakinusa kimoja. "Anakumbuka. Alipokuwa hapa nilimpikia maharage bila kitunguu, akasema ipo siku ataniletea. Soma, mke mwenzangu. Soma yote, usiruke."

Nilisoma kimya kwanza. Nitaiweka hapa kama ilivyokuwa, maana naijua kwa moyo. Aliandika kwamba barua yangu ilimfikia siku ya mvua. Hakuweza kuandika haraka, nimsamehe. Alitembea hadi kanisani, akamweleza mzee anayetunza kengele, na yule mzee akaipiga kwa ajili ya bibi, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Kwa kuwa hawakuujua mwaka wake walikisia, wakaongeza mapigo matatu ya heshima. Watu wa kijiji walitoka milangoni kuuliza nani amekufa, akawaambia ni rafiki yangu wa mlimani, na wale wa mjini nao walikuwepo, wakavua kofia. Aliandika kwamba alitazama chini ya ukurasa kutafuta dole, kwa mazoea, halafu akaelewa kwa nini halipo. Aliandika kwamba sasa amebaki peke yake anayekikumbuka chumba kile. Mwisho akasema ananitumia maua kwa ajili ya kaburi. Ni ya njano, yanachomoza yenyewe baridi ikiisha, pale kwao yamejaa uwanja wa kanisa. Niyapande kabla mvua hazijakolea. Niwe mwangalifu na mbuzi, kwa sababu hayo si vitunguu, ni sumu kwa yeyote atakayeyala.

"Mbona kimya?" bibi akasema. "Anasemaje?"

"Anasema... mvua inanyesha sana kwao."

"Kila siku inanyesha. Endelea."

"Anasema kengele ya kanisa inalia vizuri."

Jirani akanyoosha shingo. "Kurasa mbili zote mvua na kengele?"

"Mwandiko wake ni mkubwa," nikasema.

"Hajauliza habari za ndama?" Bibi alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linasubiri kitu. "Hajauliza mti?"

"Ameuliza. Anasema pole kwa mti."

Hilo lilimtosha. Alikaa chini akatikisa kichwa. "Nilijua mti utamuumiza." Akaninyooshea ndoo. "Nenda kalete maji, nipike. Leo tunakula cha mwenzangu."

Nilichukua ndoo. Niliondoka. Nataka niliandike hili bila mzaha. Nilijua vile vitu ni nini, nilijua viko kwenye ungo jikoni, na nilikwenda kisimani. Njiani nilijiambia nikirudi nitasema barua ina ukurasa niliousahau, kwamba ni mbegu, zipandwe. Nilikuwa natengeneza uongo mzuri wa kufunika ule wa zamani, na kwa kuwa nilitaka uwe mzuri, nilitembea polepole. Kisimani kulikuwa na foleni. Nilisubiri zamu yangu kama mtu mstaarabu.

Niliporudi niliisikia harufu kabla ya kufika mparachichini. Siyo harufu ya kitunguu. Jirani alikuwa mlangoni anachekecha karanga. Bibi alikuwa ameketi na bakuli la maharage mapajani, kijiko mkononi.

"Vichungu kidogo," alikuwa anasema, "lakini cha rafiki hakitupwi."

Niliangusha ndoo, nikalipiga bakuli teke. Sikuwa na muda wa kutafuta njia nyingine. Maharage yaliruka hadi kwenye kuni. Mjukuu amelipiga teke bakuli la bibi yake, mbele ya jirani. Karanga zilimwagika.

"Una wazimu?" bibi akasema.

"Usimeze! Ni sumu, bibi. Siyo vitunguu. Ni maua."

"Maua gani?"

"Ya kaburini."

"Kaburi la nani?"

Nilitazama mparachichi, nikamtazama babu chini yake, kama vile angenijibia. "Lako."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka kweli, mabega yote. "Mke mwenzangu, leo umenizidi. Umemwaga chakula changu kwa ajili ya utani? Jirani, umemsikia?"

Jirani hakucheka. Alikuwa ananitazama usoni.

Basi nikaichukua barua nikaisoma, neno kwa neno, kwa Kiswahili, nimesimama katikati ya maji na maharage. Nilipofika kwenye kengele, bibi aliacha kucheka. Nilipofika kwenye dole, aliinua mkono.

"Soma tena hapo."

"Anasema alitazama chini ya ukurasa kutafuta dole, halafu akaelewa kwa nini halipo."

"Amelia?"

"Hajasema."

"Amelia. Namjua. Akitaka kulia huwa anatoka nje, anajifanya anatafuta kuni." Alitazama maharage yaliyomwagika. "Wewe ulimwandikia nimekufa. Mimi nikiwa hapo nakumenyea viazi."

"Ilikuwa utani, bibi."

"Mtani anazikwa akiwa anasikia," bibi akasema, "ili atupe kiatu. Mimi umenizika mahali ambapo kiatu changu hakifiki."

Kisha akashika tumbo.

Alikuwa amemeza vijiko vitatu. Alitapika mpaka hakubaki na kitu, na akaendelea kutapika kile kisichokuwepo. Mimi nilishika beseni. Jirani alikimbia kumtafuta mchungaji, wakampeleka bibi zahanati, katikati ya wawili juu ya ile pikipiki inayokohoa, na mimi nikafuata kwa miguu nikikimbia, na safari hii niliikamata. Nesi alimtundikia maji. Aliuliza amekula nini. Kila mtu alinigeukia mimi. Nilimwambia, na alipouliza imekuwaje nikamwambia pia, kuanzia mpira wa pete. Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi kisha anaiachia polepole. Aliyeibeba ile barua ni yeye.

Bibi alirudi nyumbani kesho yake jioni, miguu inatetemeka. Nilikuwa nimetandika kitanda, nimefua vitenge, nimepika uji. Aliunywa. Akaniambia asante, akaniita kwa jina langu la ubatizo.

Ninyi mnaoitwa majina yenu kila siku hamwezi kujua. Tangu nijue kutembea sikuwahi kusikia jina lile mdomoni mwa bibi. Lilikuwa la mwalimu na la daftari la mahudhurio. Hakunigombeza, hakunipiga, hakumwita baba mkubwa anikalishe kikao. Alianza tu kuniita jina, na akikohoa asubuhi na mimi niko mlangoni, hakuna mtu anayesema kitu.

Jumamosi ile alimwita mchungaji aje akae mezani. Kalamu akanipa mimi. "Ataandika yeye," akamwambia mchungaji, "na wewe utanisomea alichoandika."

Niliandika nikiwa na jasho, nyumba ina baridi ya kuvaa sweta mbili. Maneno ya bibi yalikuwa machache siku hiyo.

"Mwambie mimi ni mzima. Mwambie mtoto alikosea. Mwambie ndama ana doa usoni. Mwambie mti wa soksi umeanguka, ulianguka usiku wa upepo, mizizi ikaangalia upande wa mto. Mwambie vitunguu nimevila, nimetapika, acheke."

Mchungaji aliivuta karatasi akasoma, kidole kikifuata mistari. Alifika mahali akasimama. "Mama, wewe umesema mtoto alikosea. Hapa ameandika nilidanganya."

Bibi hakunitazama. Alitazama sufuria. "Acha hivyohivyo," akasema.

Akapeleka mkono kwenye masizi. Hakuchukua dole gumba peke yake. Alisugua vidole vyote kumi, akaigeuza karatasi, akaiweka mikono yake miwili upande wa nyuma na kuigandamiza kwa uzito wake wote, kama mtu anayejinyanyua kutoka kitandani. Barua ile niliibandika mwenyewe na nikaipeleka Itumba mwenyewe, kwa miguu. Sikumwachia mtu.

Yule mama ni mzee. Nahesabu wiki. Kila Ijumaa nikitoka shule nashuka Itumba kuangalia sanduku la kanisa pale posta, na dada wa dirishani ananijua, siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafika. Sijui kama barua imefika. Sijui kama imemkuta. Inawezekana kule kwenye kijiji cha bata wasioliwa kuna mtu amelala akiwa na huzuni niliyoitengeneza mimi ili niwahi mechi tuliyofungwa, na hakuna kengele inayopigwa kinyumenyume.

Maua yaliyosalia yalikuwa matatu. Bibi aliyapanda pembeni ya babu, kwenye nafasi aliyojiwekea mwenyewe. "Alisema kaburini," alimwambia jirani, "basi kaburini. Mwenyewe nitafuata, hakuna haraka." Jirani akacheka, nami nikacheka kidogo nyuma yake, nikaacha.

Mwezi wa kwanza yalichomoza. Ncha za kijani, ngumu, kama vidole. Bibi alikuwa ameinama anayatazama nilipofika na ndoo. Baridi ilikuwa imeshuka, Songwe haionekani, ukungu umekula Malawi yote. Utani ulinijia wenyewe, umeiva. Nikautoa kwa sauti ndogo.

"Bibi, kaburi limeshaota, na mwenyewe bado anazurura."

Nilisubiri kiatu. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili. Alikaa ameinama vile kwa muda, mkono wake ukiondoa jani kavu kwenye udongo, na nikaona bega lake linatikisika mara moja, labda ni kicheko, labda ni ile baridi.

Kisha akaniita kwa jina langu. "Mwagilia na hili la pembeni," akasema. "Limechelewa."

Nikamwagilia.